Likasi, mji unaowasha motokari

Siku utakapofika Likasi, ule mji ulioitwa Jadotville mpaka 1966, usiangalie tu majumba ya zamani. Angalia namna mashofere wanasimamisha motokari. Nyingi utaona zimeelekeza pua chini, mu mtelemko, na jiwe mbele ya gurudumu. Shofere yule batri yake imechoka, na mulima njo batri yake ya pili. Asubuhi anaondoa jiwe, anaacha motokari itelemuke, anawasha bila kusumbua mtu.

Lubumbashi, kilometa 120 hivi kutoka pale, hawana zawadi ile. Kule inchi ni tambarare, na mulima ni mikono ya watu. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikikamata Katanga, mapema utasikia mu kartie: «Bayaya, mukuye mutusaidie kidogo!» Baridi inafanya mafuta ya moteri kuwa mazito, tena inapunguza nguvu ya batri saa ileile moteri inapoomba nguvu zaidi.

Kazi yenyewe si uchawi. Demareri inakula umeme mwingi sana kwa kuzungusha moteri, lakini cheche za buji zinaomba kidogo tu. Basi batri inayoshindwa demareri inaweza bado kutoa cheche, kama magurudumu yanazungusha moteri. Shofere anafungua kontakti, anatia vitesi ya pili, anakanyaga ambreyaje mpaka chini. Watu wanasukuma. Mbio ikifika ya mtu anayekimbia, anaachia ambreyaje mara moja. Moteri ikishika, anaikanyaga tena na kutia gazi kidogo. Kuna wanaoshikilia vitesi ya kwanza. Hiyo inakamata magurudumu kwa nguvu, motokari inaruka na kusimama, na mwenye kusukuma anagonga kifua.

Batri iliyokufa kabisa ni habari ingine, zaidi kwa motokari za leo ambazo pampu ya esanse inatumika kwa umeme. Na ile ya ototomatike, sukuma mpaka Kasumbalesa, haitawaka.

Sasa mama na papa, tuseme juu ya watoto. Mu kambi na mu kartie wao ndio wanafika wa kwanza, sababu kusukuma ni mchezo, na pengine kuna franka kidogo. Angalia mahali wanaposhika! Mtoto akisukuma kando, karibu na mlango, mguu wake uko hatua moja tu na gurudumu. Mwenye kuegemea kwa uzito wote, moteri ikishika, motokari inamkimbia na yeye anaanguka kifudifudi. Mimi nasema wazi: mtoto mdogo hana kazi pale. Nguvu yake haiongezi kitu, na shofere hamuoni mu kioo. Wakubwa watatu wanatosha kwa motokari ndogo, wote nyuma, na mmoja wa kuhesabu.

Shofere naye ajue, moteri ikiwa imezimika freni inakuwa ngumu na volan nzito. Ufunguo usiutoe, volan inaweza kujifunga katikati ya njia. Mtelemko wa Likasi si mahali pa kujaribu freni ambayo huijui.

Toka Likasi kwenda Kolwezi, kilometa 180 hivi, hatari ni ya namna ingine. Ile barabara leo imejaa malori ya shaba na kobalti, mchana na usiku. Usiku, wenye kusukuma wanafunika taa za nyuma kwa miili yao, tena batri iliyochoka haitoi mwanga wa maana. Shofere wa lori anaona giza tu. Ikizimika kule, isukumeni kando, nje ya gudro, mbali kabisa, wekeni matawi ya miti nyuma kama alama, halafu ngojeni kuche. Kilio (Mungu atuepushe) hakingojei saa sita ya usiku kwa sababu ulikuwa na haraka.

Ikiisha kuwaka, tembea nusu saa ama zaidi ili batri ijaze kidogo. Ukifika Fungurume na mnataka kununua maji, mmoja ashuke. Wewe baki ndani, moteri iendelee kuunguruma.