Nyumba Isiyo na Nyuma

Mjomba ana ploti kando ya barabara hapa Bangale. Anataka maduka sita ya kukodisha, yote safu moja. Jioni moja aliniita, akanipa kipande cha katoni na biro. "Wewe si unasomea majumba? Hebu nichoree."

Nikasema sawa. Ukweli ni kwamba niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipotushinda mimi na mkopo wangu. Nyumbani hakuna aliyeambiwa. Wanajua niko likizo. Likizo yenyewe sasa ina mwaka na ushee.

Katika machache niliyosoma, kuna slaidi moja haijawahi kunitoka: Royal Crescent, mjini Bath, Uingereza. Ni nyumba 30 zilizoshikana ukuta kwa ukuta, safu nzima imepinda kama mwezi mwandamo, na usoni pake zimepangwa nguzo 114. Ujenzi ulianza 1767, ukaisha 1774. Ukisimama mbele utadhani ni kasri la mtu mmoja. Lakini John Wood Mdogo, aliyeibuni, alichora uso tu. Kila mnunuzi alichukua kipande chake cha ukuta wa mbele, kisha akatafuta mtu wake wa kumjengea nyumba nyuma ya ukuta huo. Ndiyo maana ukizunguka nyuma unakuta vurugu: hii imetokeza, ile imerudi ndani, mapaa hayalingani, madirisha kila mtu na yake.

Darasani tulicheka sana. Siku hizi sicheki, maana hata mimi nina uso mmoja safi wa kuonyesha watu.

Nyumba aliyozaliwa mama haikuwa hivyo. Ilikuwa ya fito zilizokunjwa, zikafungwa kwa kamba na kuezekwa nyasi. Nyanya aliijenga mwenyewe, kwa sababu kwetu Waorma nyumba ni kazi ya wanawake. Ilikuwa ya duara. Nyumba ya duara ina mlango, lakini haina nyuma. Ukiizunguka, ni ileile.

Nikamchorea mjomba mstari mrefu, nikaukata mara sita. Nikamweleza faida ya kushikanisha: vyumba sita vikiachana vinataka kuta 12 za ubavuni, vikishikana, saba zinatosha. Mawe yanapungua, simiti inapungua, na jua linapiga kuta mbili tu za pembeni.

Akatikisa kichwa, ameridhika. "Na utamaliza lini huko?"

Biro ikasimama. "Mjomba, mimi niliacha."

Hakushtuka hata kidogo. "Nilijua. Likizo gani hiyo inapita Ramadhani mbili?"

"Sasa mbona umeniambia nichore?"

"Kwani uliyosoma uliyaacha hukohuko?"

Sikuwa na jibu. Tukaendelea. Alitaka milango yote iwe ya buluu, ipendeze kutoka barabarani. Nikamsimulia kisa cha hukohuko Bath: miaka ya 1970, mwenye nyumba mmoja alipaka mlango wake manjano wakati majirani wote wana mweupe. Baraza la mji likamwamuru aurudishe mweupe. Alikataa, kesi ikaenda mbele, akashinda.

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Basi kila mpangaji na rangi yake. Bora alipe kodi."

Aliikunja katoni, akaitia mfukoni kama hati ya shamba. Kisha akaniangalia. "Mama yako anajua?"

"Bado."

Hakuongeza neno. Alichukua bakora yake, akaenda kuswali Magharibi.

Mama alikuwa nyuma ya nyumba, anakamua mbuzi. Nikazunguka.