Jiwe lililotuponyoka Lushoto

Ukitoka Mombo kupanda Lushoto, barabara inajipinda mlimani kwa takriban kilometa 33. Upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo. Ukifika Soni, joto la bondeni limeshabaki nyuma na watoto wanaanza kudai masweta.

Julai iliyopita nilipanda mlima huo na kaka yangu, wifi na watoto wao wawili. Nyuma ya gari tulivuta tela la kulala ambalo kaka aliliundisha kwa mafundi wa kuchomelea pale Gerezani, Dar es Salaam. Alifikiria kila kitu: vitanda, neti, jiko la gesi, ndoo ya maji. Hakufikiria tela litasimamaje likiwa peke yake.

Tulipiga kambi kwenye uwanja wa majani uliokuwa na mteremko mdogo, ule ambao macho hayauoni. Kaka akaokota jiwe, akalisukuma kwa mguu nyuma ya tairi moja, kisha akaanza kulichomoa tela kwenye gari. Breki ya mkono ya gari hailishiki tela likishachomolewa. Jiwe lilikuwa la mviringo na majani yalikuwa na umande.

Nilisikia wifi akipiga kelele. Mtoto wao mdogo, wa miaka minne, alikuwa amechuchumaa nyuma ya tela akipanga vijiwe. Nilimvuta kwa sweta. Tela likapita pale alipokuwa, likagonga mti na kutulia.

Kazi yangu ni kuandika habari za afya, na wodini nimewahoji majeruhi wengi. Mara nyingi simulizi huanza hivi: "Gari lilikuwa limesimama tu." Siku hiyo nilielewa.

Mzee mmoja aliyekuwa akipalilia kabichi jirani alikuja mbio. Tulipomwamkia, alituambia ujanani alikuwa utingo wa malori ya mboga. "Wanangu, jiwe la duara ni tairi jingine," alisema. Akaenda kwake, akarudi na msumeno na kipande cha gogo la mkaratusi.

Alitufundisha kutengeneza kabari. Kimo chake kiwe robo ya kimo cha tairi. Tairi letu lina sentimita 60, kwa hiyo kabari ilihitaji 15, yaani inchi 6. Alichonga kipande cha mraba cha inchi 6 kila upande, akakipasua kona kwa kona. Zikatoka kabari mbili, kila moja na upande mlalo wa kukaa chini na upande wa mshazari wa kupokea tairi. Akafanya hivyo mara mbili, tukapata nne. Alitaka mbao ngumu na kavu. Iliyooza hupasuka tairi likiiegemea.

Kisha akaeleza utaratibu. Weka kabari kabla ya kuchomoa tela, wala si baada. Anza na upande wa bondeni, kwenye matairi yote mawili, halafu weka za upande wa mlimani. Zibane hadi ziguse tairi katikati, pasibaki nafasi. Kwenye majani au tope, fyeka na uchimbe kidogo ili kabari ikae kwenye udongo mgumu, maana kwenye majani mabichi mbao huteleza. Ndipo uchomoe, na ndipo upandishe jeki ya mbele. Muda wote huo mtoto asikae mbele wala nyuma ya tela. Akae pembeni, mbali, na mtu mzima mmoja asiye na kazi nyingine.

Kuondoka ni kinyume chake: funga tela kwenye gari kwanza, kabari zitoke mwisho.

Usiku ule baridi ilikuwa kali na ukungu ulishuka hadi dirishani. Kaka alitoka mara tatu na tochi kukagua kabari. Hakuna aliyemcheka.

Asubuhi ya kuondoka, tela likiwa limeshafungwa, mzee alituomba jambo moja: tusiache kitu nyuma. Malori yakiharibika mlimani, matingo huweka mawe chini ya matairi, kisha wanaondoka na kuyaacha barabarani. Usiku bodaboda hawayaoni.

Kaka alizifunga kabari mbili mbili kwa kamba na kuzipaka rangi ya njano. Sasa mwanawe mkubwa, wa miaka tisa, ndiye anayezihesabu kabla hatujaondoka. Zikiwa tatu, gari haliwashwi.