Mahameli, eksirei na jina la fundi

Siku nilipoona kwa mara ya kwanza kikapu cha matunda kilichopakwa rangi juu ya mahameli nyeupe, hapa Pennsylvania ninakoishi, mawazo yalinirudisha nyumbani Muleba, mkoani Kagera. Nilimkumbuka fundi wetu wa stensili, aliyepaka bendera za jumuiya na za kwaya parokiani. Watoto tulimwita Ta Fundi. Jina lake hasa sikuwahi kulisikia, na leo hilo linaniuma.

Aliyekipaka kikapu kile ni jirani yangu, mama wa makamo ambaye hakusomea uchoraji popote. Alijifunza mwenyewe kwa kutazama kazi za zamani. Wenyewe huziita theorem. Picha moja huhitaji karatasi ngumu kadhaa zilizokatwa matundu na kupewa namba: kwenye ya kwanza kuna tundu la pichi na majani mawili, ya pili ina zabibu, ya tatu mpini wa kikapu. Sehemu mbili zinazogusana haziwekwi kwenye karatasi moja, maana rangi ingevuka kwenda kwa mwenzake. Brashi huchovywa kidogo, ikafutwa kwenye kitambaa hadi ionekane kavu, kisha huzungushwa kutoka ukingoni mwa tundu kuelekea katikati. Ukingoni rangi hukolea, katikati hufifia, na pichi linavimba mbele ya macho yako hadi unatamani kulishika.

Sanaa hii ilishamiri Marekani kati ya 1810 na 1840 hivi, na wengi walioifanya ni wasichana waliofundishwa shuleni. Majina ya wengi wao yamepotea. Lakini alikuwepo mwanamke mmoja, Esther Stevens Brazer, aliyetumia miaka mingi kunakili mapambo ya zamani yasipotee. Alifariki 1945, na mwaka uliofuata wanafunzi wake wakaanzisha chama cha kuiendeleza kazi hiyo. Jirani yangu naye huandika jina lake na mwaka nyuma ya kila picha kabla haijaingia kwenye fremu.

Sasa nirudi kwa Ta Fundi. Karatasi ngumu ya kununua hakuwa nayo. Alitumia picha za eksirei ambazo watu walikuwa wamemaliza kazi nazo. Aliziloweka kwenye jiki, weusi wa picha ukatoka, ikabaki plastiki nyororo isiyolowa. Hapo alikata kwa wembe herufi, msalaba, na tawi la mbuni lenye matunda yake. Herufi O aliiachia vidaraja viwili ili katikati pasidondoke, halafu baada ya kupaka aliviziba kwa ncha ya brashi. Mahameli ilikuwa nyekundu au zambarau, rangi ya dhahabu, na badala ya brashi aligongagonga kwa kipande cha sponji ya godoro. Naye alikuwa na sheria ileile ya jirani yangu: rangi kidogo, mkono mwepesi. Hakuna aliyemfundisha.

Na kwetu kazi ya kitambaa haikuanzia kwenye mahameli ya dukani. Wahaya walikuwa na orubugo, gome la mti wa omutoma lililopondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji hadi likalainika na kugeuka rangi ya udongo mwekundu. Shina lililochunwa lilifungwa majani ya migomba ili gome liote tena. Wenzetu wa Uganda waliupeleka ufundi wao wa magome hadi UNESCO, ukatangazwa 2005 na kuingizwa kwenye orodha ya urithi 2008. Mti ni uleule. Kilichotofautiana ni nani alikaa chini akaandika.

Hata mchoraji Edward Saidi Tingatinga alijifunza mwenyewe. Alipaka rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, akafa 1972, na jina lake likawa jina la sanaa nzima. Ta Fundi hakupata bahati hiyo. Tetemeko la Septemba 10, 2016 liliangusha nyumba nyingi Kagera, na kibanda chake kikawamo. Nilipouliza kwa simu kuhusu zile eksirei, niliambiwa zilichomwa pamoja na takataka. Zilikuwa mamia. Kwa maoni yangu ile ilikuwa maktaba, na tuliichoma kwa sababu tulimhesabu mwenye nayo kuwa mpaka rangi tu.

Bendera zenyewe bado zipo, kwenye makabati ya makanisa, Kamachumu hadi Bukoba mjini. Waitu, ndugu zangu, kabla hamjaitupa iliyochakaa, ipigeni picha. Waulizeni wazee nani aliipaka, kisha andikeni jina na mwaka upande wa nyuma kwa wino usiofutika. Na kama yupo anayelijua jina kamili la Ta Fundi, namwomba aniandikie.