Aliyejifunga Kitambaa Mwenyewe

Katika jumuiya yetu hapa Mbinga mjini tulibishana Alhamisi tatu mfululizo juu ya choo cha ndege. Wengi wetu ndege tunaiona ikipita angani tu. Lakini binti wa jirani yetu, aliyebatizwa na kupata kipaimara katika parokia hii, ni mhudumu wa ndege katika shirika ambalo hatutalitaja. Alikuja likizo msimu wa kuchuma kahawa, tena kwa basi, kupitia Makambako na Songea, jambo lililotuchekesha kidogo. Alikuja na shauri.

Yeye na wenzake waliajiriwa kulinda usalama wa abiria na kuwahudumia. Ndivyo mkataba ulivyosema. Siku moja ujumbe ukaingia kwenye simu zao: kuanzia Jumatatu, kila ndege itakapotua, wahudumu watakusanya taka, watafuta meza, watafagia zulia na kuosha vyoo kabla abiria wengine hawajapanda. Hakuna aliyeitwa kikaoni. Mshahara ni ule ule, na muda wa ndege kukaa chini ni ule ule, ambao kwa safari fupi ni kama nusu saa. Walipouliza, mkubwa wao wa kazi, Mkristo mwenzetu, aliwajibu kwa Injili. Bwana wenu aliosha miguu ya wavuvi, alisema. Ninyi ni nani mkatae kuosha choo?

Neno hilo ndilo lililomleta kwetu. Angetaka mwanasheria, Dar es Salaam wapo wengi. Alitaka tumwambie kama kutia saini barua ya malalamiko pamoja na wenzake ni dhambi ya kiburi.

Alhamisi ya kwanza tuligawanyika. Mama mmoja aliyefanya usafi shuleni miaka mingi alisema bila kuzunguka, "Mwanangu, choo si aibu. Choo ndicho kilichosomesha watoto wangu." Binti akamjibu kwa heshima, "Mama, choo sikiogopi, nyumbani naosha. Nauliza kama ni haki." Hapo akatueleza kazi yake, na tukiri kwamba wengi wetu tulidhani ni kugawa soda na kutabasamu. Kabla abiria hawajapanda hukagua mitungi ya kuzimia moto, hewa ya oksijeni, makoti ya kuokolea na milango. Kanuni za usafiri wa anga kwa kawaida hutaka mhudumu mmoja kwa kila viti 50, kwa hiyo ndege ya pangaboi yenye viti 76 huenda na wawili tu. Hao wawili ndio watakaowatoa watu ndani ya ndege ikishika moto. Nusu saa ile ndiyo ya kukagua. Wakiitumia kusugua choo, ukaguzi utafanyika lini? Na mikono ile ile, alisema, inarudi kugawa karanga.

Katekista wetu ni mtu wa maneno machache. Alhamisi ya pili alifungua Kutoka sura ya 5 akasoma yote, polepole. Farao hakuongeza hesabu ya matofali. Aliondoa majani makavu, akawaambia Waisraeli wakayatafute wenyewe, na hesabu ya matofali ibaki ile ile. Wasimamizi wa Kiisraeli walipokwenda kulalamika, aliwaita wavivu. Katekista akafunga kitabu, akaketi. Tangu hapo hakuna aliyesema tena kwamba ni jambo dogo.

Mwalimu mstaafu alituletea upande wa serikali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi, na ndani yake kuwe na maelezo ya kazi yenyewe. Maelezo hayo yakibadilika, mwajiri anatakiwa kuyarekebisha kwa kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Wasipoelewana, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kanisa nalo lilisema mapema. Papa Leo XIII, katika waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, alimtaka mfanyakazi aitimize kazi aliyokubaliana kwa hiari na kwa haki, aitimize yote, kwa uaminifu. Tulikaa sana kwenye neno hilo la kukubaliana. Waraka ule ule unamkataza tajiri kumfanya mfanyakazi kuwa mtumwa wake. Kwa hiyo uaminifu una mipaka yake, na mipaka yenyewe ni yale waliyopatana.

Hata hivyo swali la miguu lilibaki, na ndilo lililokuwa linamuumiza binti. Mtu anaweza kuwa na haki mbele ya Tume na bado akaogopa kwamba mbele ya Mungu ana kiburi.

Aliyetusaidia ni mzee kutoka Liuli, ambaye ujanani alikuwa baharia kwenye meli za ziwa letu, kati ya Mbamba Bay na Itungi. Alisema mwera ukichafua ziwa na maji yakaingia ndani, kila mtu hushika ndoo, abiria na baharia, padre na muuza dagaa, na hakuna anayeuliza mkataba. "Lakini sijaona nahodha," alisema, "ambaye ziwa likitulia anawaambia abiria kwamba kuanzia leo kutoa maji ni kazi yao, halafu anawafukuza mabaharia."

Tukarudi kwenye Yohane sura ya 13 tukiwa na maneno yake. Yesu aliondoka mezani mwenyewe. Alivua vazi mwenyewe, akajifunga kitambaa mwenyewe. Alikuwa mkubwa kuliko wote chumbani, na aliyeinama ni yeye. Hakumwamuru Petro awaoshe wenzake miguu ili nyumba isilipe mtumishi. Aliwaambia waoshane, naye alikuwa ameanza. Mkubwa wa kazi anayesoma sura ile angeanza kwa kuchukua brashi. Kuimaliza kwa kumkabidhi mwingine brashi, kisha kuweka mfukoni fedha iliyookolewa, ni kusoma sura nyingine kabisa. Katika Mathayo sura ya 20, mwenye shamba la mizabibu aliwapa wa asubuhi dinari waliyopatana, na wa jioni akawaongezea kutoka mfuko wake. Ukarimu wake haukutoka kwenye jasho la mtu mwingine.

Tulimwambia atie saini. Mama yule wa usafi ndiye aliyesema kwanza. Halafu akauliza jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameliuliza Alhamisi zote tatu: kabla ya ujumbe ule, vyoo viliwa vinaoshwa na nani?

Binti alinyamaza kidogo. Walikuwa akina mama wanne kutoka kampuni ya usafi, alisema, waliokuwa wakingoja chini ya ngazi na ndoo na mifuko yao. Aliwajua kwa sura, mmoja kwa jina. Tangu Jumatatu ile hakuwaona. Mwenye jina alisikia anauza vitumbua kituo cha daladala.

Barua ilikwenda na saini kumi na saba. Kikao kikafanyika, na wakapatana kwa maandishi kwamba wahudumu wataokota taka za viti na kupanga mikanda, ila si kufagia wala kuosha vyoo. Wawili kati ya waliosaini hawakuongezewa mkataba ulipokwisha, bila sababu kutajwa. Nao wamepeleka shauri lao kwa Tume. Binti yetu bado yuko kazini. Anasema vyoo sasa vinaoshwa na vijana wawili wa kampuni nyingine.

Mwezi uliofuata wahudumu waliandika barua ya pili. Hiyo haikuhusu kazi yao. Iliomba wale akina mama wanne warudishwe, au walipwe wanachodai. Hadi tunaandika haya haijajibiwa, na kila Alhamisi, katika maombi ya waamini, mama wa usafi huwaombea wanne wale, na yule anayemjua binti humtaja kwa jina.