Kukaa Nkowe Wakati wa Kiangazi

Watu wengi wakisikia neno jangwa huwaza mchanga, ngamia na upepo. Kwa maana hiyo hakuna jangwa katika wilaya ya Ruangwa. Nkowe ina mikorosho na miembe, ina mibuyu, na porini mwake mna mpingo na mninga. Mvua zikianza, Novemba au Desemba, nchi hugeuka kijani hata mgeni akauliza ni nani aliyeisingizia ukavu. Lakini mvua za kusini ni za msimu mmoja tu. Zikiisha kuaga mwezi wa Aprili au Mei, hazipigi hodi tena mpaka mwaka ukaribie kwisha, na kati ya hapo mbingu huwa safi kama sahani iliyooshwa, wala haina kitu cha kumpa mtu. Aliyekaa huko mwezi wa Oktoba hana haja ya kusafiri mpaka Chalbi, kaskazini ya Kenya, ili afundishwe maana ya kiu. Nami nalikaa huko miaka sita. Kwa hiyo naomba ruhusa ya msomaji niite Nkowe mji mdogo wa nchi kavu, nieleze mema na mabaya yake kama yalivyonipata. Wako watakaosema kuwa Nkowe ni kata, wala si mji. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa katika vitabu vya serikali. Lakini katika lugha yetu mtu husema anakwenda mjini kwake hata kama mji wenyewe ni nyumba tatu na mwembe.

Sababu ya kuandika ni hii. Mwaka ujao natimiza umri wa kustaafu. Huko Nkowe nina kiwanja, nyumba iliyofika kwenye linta ikasimama, na mikorosho michache ambayo jirani yangu wa zamani huniangalizia. Watoto wangu, ambao sasa ni watu wa Dar es Salaam kabisa, wanasema niuze. Mama yao hasemi neno. Mimi nasema nitafikiri; na katika kufikiri nimeona kuwa kila jambo jema ninalolikumbuka la Nkowe limeshikamana na jambo baya, kama ngozi na nyama, nisijue kisu kipite wapi.

Nalifika huko mwaka 1999, mwalimu kijana, na mke na watoto wawili wadogo. Siku zile Daraja la Mkapa lilikuwa bado, maana lilifunguliwa mwaka 2003. Tulivuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, na abiria aliyefika kivukoni amechelewa alilala huko huko na mbu wake. Nalikuja na hesabu nyingi kichwani. Nalijua mshahara wangu, nikajua bei ya unga, nikapanga kwamba katika miaka mitatu nitakuwa nimeweka akiba ya kutosha kuondoka.

Si mimi wa kwanza kuingia nchi ile na hesabu. Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, kwa kuwa Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita. Mahali pa kulima palikuwa patatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea, jirani zetu hawa ambao Ruangwa ilikuwa chini yao kabla haijawa wilaya. Walikusudia kufyeka ekari zaidi ya milioni tatu. Yakaletwa matrekta, ikajengwa bandari ya Mtwara, ikatandikwa reli kwenda Nachingwea. Huko Kongwa udongo mgumu na mvua haba ziliwashinda. Nachingwea mvua ilikuwa afadhali, lakini bandari na reli zilichelewa. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na pauni kama milioni 36 zikawa zimepotea. Reli nayo ikafungwa mwaka 1962, kisha vyuma vyake vikang'olewa. Nalipokuwa kijana nikisoma habari hizi nalicheka. Baada ya kiangazi changu cha kwanza Nkowe sikucheka tena, maana na mimi nalikuwa nimepima kila kitu isipokuwa maji.

Nianze na mema, ingawa hayatakaa peke yake muda mrefu. Ukavu ule ule uuao mahindi ndio uletao fedha. Mkorosho hutoa maua katikati ya kiangazi, na maua yake hayapendi unyevu. Mvua au ukungu ukija wakati huo, ubwiriunga huyashika, yakawa kama yaliyomwagiwa unga, yakakauka bila kuzaa. Ndiyo maana wakulima huamka alfajiri na mashine mgongoni kupuliza salfa. Mgeni huona mbingu isiyo na wingu mwezi wa Agosti akahuzunika. Mwenyeji huiona akahesabu magunia. Na tangu Oktoba, korosho zinapoanza kuanguka, Nkowe si Nkowe uliyoijua. Madeni hulipwa, mabati mapya hung'aa, wanaume walionyamaza tangu Machi huanza kutoa maoni. Harufu ya mabibo hujaa njiani, na jioni uraka huzungushwa kwa wanywao. Fedha ile haina uhakika, najua. Mwaka 2018 wanunuzi waligoma juu ya bei, serikali ikaingia kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likatumwa kubeba. Jirani yangu alinipigia simu mara nyingi msimu ule, na kila mara alianza kwa kuniuliza afya yangu, asije akaonekana kuwa ana shida.

Mema mengine ni usiku. Sitayaeleza, aliyelala uani mwezi wa Julai katika mji usio na taa anayajua, na ambaye hajalala hawezi kuazimwa macho yangu.

Mabaya ya kawaida nitayapita upesi, kwa kuwa kila mtu aweza kuyakisia. Vumbi huingia hata katika sanduku lililofungwa. Hapakuwa na duka la vitabu, na gazeti lilipofika habari zake zilikuwa zimekwisha kuzeeka. Daktari alikuwa mbali. Vijana waliondoka, na wanaondoka. Neno machinga, ambalo nchi nzima hulitumia kwa mchuuzi wa barabarani, wengi husema limetokana na Wamachinga wa mkoa huu wa Lindi, kwa kuwa vijana wa kusini ndio waliotangulia kutembeza bidhaa mikononi katika Dar es Salaam. Ni ajabu kidogo kabila kugeuzwa jina la kazi kwa sababu ya kuhama.

Sasa nije kwenye maji, ambayo ndiyo habari yenyewe.

Nimesoma juu ya miji ya Oman, kama Nizwa, ambako maji huletwa kwa mifereji iitwayo falaji, na kila mwenye shamba ana zamu yake kwa kipimo cha wakati: mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimamishwa, usiku kwa nyota. Mwaka 2006 mifereji mitano ya namna hiyo iliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Sisi hatukuwa na falaji. Tulikuwa na foleni ya ndoo. Ndoo ya mtu ilikuwa ndiyo mtu. Aliiweka jioni akaenda kulala, na alfajiri aliikuta mahali pake, imesogezwa mbele na wenzake kila kisima kilipojaa tena. Sikupata kusikia kwamba ndoo imerukwa. Hapo kisimani ndipo ilipojulikana ni nani ana mimba, nani amefukuzwa kazi, mtoto wa nani amefaulu. Nchi yenye mvua nyingi haina mahali kama hapo, kwa kuwa kila mmoja hukinga maji yake barazani akafunga mlango.

Mimi nalitaka kufunga mlango. Nalinunua mapipa mawili, nikayaweka stoo, nikawalipa vijana wa baiskeli wayajaze kidogo kidogo, na stoo nikaitia kufuli. Naliona ni busara ya mwenye familia, na hata leo sidhani kwamba akiba ni dhambi. Siku moja ya Oktoba, saa za asubuhi, alikuja mama mzazi wa jirani yangu, bibi wa makamo ya bibi yangu mwenyewe. Mkwewe alikuwa amejifungua alfajiri ile, na kisima kilikuwa kimekauka mpaka tope. Aliomba ndoo moja. Nalimwamkia kwa heshima zote, kisha nikamwambia, "Bibi, hata sisi hatuna." Na katika kimya kilichofuata, kata ikagonga pipa nyuma yangu. Mke wangu alikuwa anachota maji ya uji.

Bibi alinitazama, si kwa muda mrefu. "Haya, mwanangu," akasema, "Mungu atajalia." Akaenda zake na ndoo tupu.

Nalingoja kutukanwa. Naliingoja siku ile na siku ya pili, nikatayarisha maneno ya kujitetea. Hakuna aliyekuja. Lakini jioni ya tatu nilipopeleka ndoo kisimani, watu wote walisogea. "Mpisheni Mwalimu," akasema mama mmoja kwa sauti ya adabu kabisa, "kwake hamna maji." Wakanipisha, kijana akanichotea, wakanitwika. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Wiki tatu au nne, mpaka mvua ilipokuja, sikupewa nafasi ya kusimama katika foleni pamoja na watu. Nalipelekwa mbele kama mgonjwa, "kwake hamna maji," nami nikashukuru, maana ningesema nini? Nimepata kukemewa na wakubwa wa kazi, nimepata kunyimwa haki yangu. Hayo yote yamepoa. Heshima ile haijapoa.

Hilo ndilo ninaloliita ubaya wa mji mdogo: kosa lako halina pa kwenda. Linakaa nawe barazani. Katika Dar es Salaam ninapokaa sasa nako maji hukatika, maboza hupita, nami nimewaambia watu mlangoni, zaidi ya mara moja, kwamba tangi langu ni tupu hali lilikuwa na maji. Wameondoka wakaenda mlango mwingine. Hawanijui jina. Nimelala usingizi mzuri.

Lakini mwezi wa Januari, mwaka 2000, binti yetu mdogo alishikwa na degedege usiku wa mvua. Hapakuwa na simu wala gari. Mke wangu alipopiga kelele, aliyefika kwanza ni jirani yule, na baiskeli mkononi, kana kwamba alikuwa amelala amevaa viatu. Mama na mtoto walikaa nyuma; yeye akasukuma na mimi nikashika taa, tukaenda katika tope mpaka kulipokucha, tukafika penye dawa. Mtoto akapona. Tuliporudi siku ya nne tulimkuta Bibi nyumbani kwetu, amekaa na kaka yake mgonjwa muda wote ule, amemfundisha kubangua korosho, na kuku wetu wamelishwa. Nalimshukuru kwa maneno mengi. Neno moja sikulisema, nalo ndilo nililokuwa nadaiwa. Nalidhani nitalisema wakati wa utulivu. Nikakaa mpaka mwaka 2005, nikahamishwa, sikulisema. Mwaka 2011 nikapata habari kwa simu kwamba Bibi amefariki na amekwisha kuzikwa.

Mtoto aliyezaliwa asubuhi ile sasa ni kijana mkubwa, anauza mikanda Kariakoo. Huniita Baba Mwalimu, na sikukuu hupita nyumbani. Nimemtazama mara nyingi nikitafuta usoni mwake kama ameambiwa.

Watoto wangu husema kuwa Nkowe ya leo si ile. Ni kweli. Barabara zimekuwa njema, simu zimefika, na Ruangwa ilipata hata timu ya ligi kuu, Namungo, iliyopanda mwaka 2019, watu wakaanza kuitaja wilaya bila kuuliza iko wapi. Hoja zao za kuuza ni nzuri: hospitali, wajukuu, jua, uzee wangu. Sina jibu la hata moja. Hawajui tu kwamba ninachoogopa si kiangazi. Naogopa kusogea kisimani na watu wakanipisha. Wala hawajui, maana hata mimi nimechelewa kujua, kwamba ni huko peke yake duniani ambako mtu angeweza kunipisha kwa sababu ananifahamu.

Mwezi wa Agosti nalimpigia simu jirani yangu kumwuliza habari za mikorosho. Akasema maua ni mazuri mwaka huu, salfa imepatikana. Tukaongea juu ya afya, juu ya kijana wa Kariakoo. Kisha nikajikaza.

"Ndugu yangu," nikasema, "wakumbuka siku ile Bibi alipokuja kwangu kuomba maji?"

Akanyamaza kidogo. "Siku ipi, Mwalimu?" akauliza, kwa sauti ya adabu kabisa.

Sikuweza kujua kama amesahau, au ananipeleka mbele ya foleni kama zamani. Nikamwuliza bei ya saruji. Akanitajia, akasema nifanye upesi kabla ya mnada wa korosho, maana fedha ikiingia mafundi nao hupandisha bei.