Alama Sita

Mwaka ule Mzee, baba yangu, alipopatwa na kiharusi, maneno yalimtoka yakabaki mawili tu: "haya" na "bado." Mtu aliyekuwa akiitwa kusuluhisha ugomvi wa mtaa mzima!

Siku hizo binti yangu alikuwa akisomea kompyuta. Mimi nami riziki yangu ilitokana na kuandika programu. Jioni moja akanitega: "Baba, andika herufi a kwa JavaScript, lakini usitumie herufi wala tarakimu yoyote. Una alama sita: mabano ya mraba mawili, ya mviringo mawili, alama ya mshangao na ya kujumlisha."

Nilicheka. Lugha hiyo ilianza mwaka 1995, na kwa miaka niliyoitumia nilijiona mwenyeji wake. Nilikesha, nikashindwa. Asubuhi akanionyesha:

(![]+[])[+!+[]]

Ndugu msomaji, mabano ya mraba matupu ni orodha isiyo na kitu. Alama ya mshangao huikanusha, na mashine hujibu false, yaani si kweli. Jumlisha jibu hilo na orodha nyingine tupu, nalo hugeuka kuwa maandishi ya herufi tano. Imebaki kuchagua herufi. Alama ya kujumlisha mbele ya orodha tupu huleta sifuri. Ukikanusha sifuri unapata kweli. Ukitanguliza tena ya kujumlisha unapata moja. Kwa kuwa mashine huhesabu kuanzia sifuri, nafasi ya moja ni ya herufi ya pili: a. Alama 15 kwa herufi moja!

Ujanja huo ulinifurahisha, lakini kilichonikaa moyoni ni usikivu wa mashine. Haikupuuza hata mabano matupu. Ilichukua kila alama mahali pake na kuuliza inasema nini hapo.

Mimi sikuwa hivyo kwa Mzee. Kila usiku nilipofunga mlango alipaza sauti: "Bado!" Nikidhani ana njaa, nilimletea uji. Aliusukuma. Nilimfunika shuka nikaenda kulala, nikijiambia kwamba akili nayo imekwenda.

Usiku uliofuata sikuleta uji. Nilifunga mlango, nikakaa kando ya kitanda chake.

"Bado," akasema.

Kwa mara ya kwanza nilifuata macho yake. Hakuwa akinitazama mimi. Alitazama mlango. Nikahesabu waliomo ndani: mdogo wangu hakuwa amerudi kazini. Nikakumbuka kwamba tangu utoto wetu Mzee hakuwahi kutia komeo kabla watoto wote hawajaingia.

Nikaondoa komeo, tukangoja pamoja. Saa tano na nusu mdogo wangu akabisha hodi, akaingia, akamwamkia. Mzee akajivutia shuka kwa mkono wake mzima.

"Haya," akasema.

Nikafunga mlango.