Safari tuliyoiahirisha kwa miaka 12



Tumefundishwa katika Suratul Kahf kwamba mja asiseme atafanya jambo kesho bila kuliambatanisha na matakwa ya Mwenyezi Mungu. Hiyo ni adabu njema, na kila Muislamu huizoea tangu utotoni. Lakini katika nyumba yetu, hapa Lukuledi wilayani Masasi, neno "inshallah" tulilitumia kwa miaka 12 kwa kazi isiyokuwa yake. Tulilitumia kumnyamazisha mtoto.

Binti yetu mkubwa alikuwa darasa la tatu alipoona katika televisheni ya jirani, siku ya Idi, watoto wa Dar es Salaam wakiteleza ndani ya mabomba makubwa ya rangi na kutumbukia majini. Alirudi mbio nyumbani akauliza kama na sisi tunaweza kwenda. Tulimjibu, "Mwakani, inshallah." Akafurahi, akamweleza kila mtu. Mwaka uliofuata bei ya korosho ilikuwa mbaya. Mwaka wa pili ikaja ada ya shule. Mwaka wa tatu paa liliezuliwa na upepo. Kila sababu ilikuwa ya kweli, na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Alipofika kidato cha pili aliacha kuuliza, nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulidhani amesahau.

Aliyetuzindua ni kitinda mimba wetu mwenye umri wa miaka saba. Alituomba baiskeli. Tulipomjibu, "Inshallah, baba," alitazama chini akasema taratibu, "Yaani hapana." Usiku ule tulikaa kimya muda mrefu. Mtoto wa miaka saba alikuwa amejifunza kutoka kwetu kwamba jina la Mola wake likitajwa mwishoni mwa sentensi, jambo halitafanyika.

Wakati huo nyumba yetu ilikuwa inakaribia kupungua. Posa ya binti yetu ilikuwa imekwisha kuletwa kwa heshima na tumeipokea. Nikahi ilipangwa ifungwe Januari, na mumewe anafanya kazi Mwanza. Kijana wetu alikuwa amemaliza kidato cha nne mwezi wa Novemba, naye alitakiwa kwenda kwa mjomba wake Songea kujifunza ufundi wa kuchomelea vyuma. Desemba ile ilikuwa ya mwisho kwa watoto wetu wanne kulala chini ya paa moja.

Hatukukubaliana mara moja. Fedha za mnada wa korosho zilikuwa zimeingia, na mmoja wetu alitaka zote ziende kwenye maandalizi ya harusi. Alisema harusi ya binti ni sitara ya wazazi, na watu wataangalia. Mwingine alisema watu wataangalia siku moja, lakini ahadi hii ina miaka 12. Tulijadiliana siku tatu. Mwishowe tulikata jambo kwa karatasi na kalamu: tukapunguza vyakula na mapambo ya harusi, tukakataa kukopa hata shilingi, tukapanga kulala kwa ndugu zetu Mbagala badala ya nyumba ya wageni, na kubeba chakula cha njiani. Tulikubaliana pia tumchukue mama yetu mzee, ambaye wajukuu humwita Bibi, mzaliwa wa Newala anayekaribia miaka 80.

Tuliondoka Masasi na basi la alfajiri. Barabara hufuata bonde la mto Lukuledi, huku uwanda wa juu wa Makonde ukiwa kuliani kama ukuta. Tulipopita Ndanda, Bibi alinyoosha kidole kuelekea kule juu akawaambia wajukuu, "Mimi nimekulia huko. Nyie mmekulia bondeni, hamjui thamani ya mto." Watoto walicheka. Mto ule wenye jina la kijiji chetu hutusindikiza hadi karibu na Lindi, ambako humwaga maji yake baharini. Kitinda mimba alipoyaona maji yakipanuka hakuamini kuwa ndiyo yale yale tunayoyavuka nyumbani kwa kupandisha suruali magotini.

Mbele tukavuka daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji. Lina urefu wa mita 970 na lilifunguliwa mwaka 2003, likapewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso katika Masasi yetu hii. Sisi tulio watu wazima tunaukumbuka wakati wa kivuko, na masika ambayo abiria wa kusini walilala njiani kwa siku kadhaa. Watoto walivuka kwa dakika chache, na mmoja wao alikuwa amelala.

Siku ya pili tulikwenda Kunduchi, kwenye bustani ya michezo ya maji. Tulikuwa tumeiwazia siku hiyo kwa muda mrefu kuliko tulivyotambua. Tulipoingia na kuyaona yale mabomba ya kuteleza, sote wawili tulimgeukia binti yetu mkubwa kwa pamoja, kama watu waliomletea mtu zawadi wanaosubiri aifungue.

Alitabasamu. Kisha akachukua mifuko yetu, akamshika Bibi mkono, akaenda kuketi naye kivulini. Tulimfuata tukamuuliza kulikoni. Alijibu kwa adabu, bila kinyongo hata kidogo: "Mama, Baba, mimi sasa ni mtu mzima, ninaolewa mwezi ujao. Na nguo zangu si za mchezo huo. Waacheni wadogo wacheze." Akanyamaza kidogo, halafu akaongeza, "Kwa kweli niliacha kuisubiri tangu nikiwa kidato cha pili."

Hatukuwa na la kujibu. Tulikuwa tumeleta malipo ya deni, lakini yule aliyetudai, msichana wa darasa la tatu aliyekuja mbio kutoka kwa jirani, hakuwapo tena. Fedha ikicheleweshwa hulipwa na kiasi chake kikabaki kile kile. Utoto ukicheleweshwa haulipiki. Tulisimama pale jua likituchoma, kila mmoja akikwepa macho ya mwenzake.

Kijana wetu na mdogo wake wa kike walikwenda kutazama bahari, kisha kijana akarudi kuteleza mara nyingi tusizoweza kuzihesabu. Kitinda mimba alipanda ngazi hadi juu, akaogopa, akashuka kwa ngazi hizo hizo akilia. Aliyeinuka kumpokea alikuwa dada yake mkubwa. Alimfuta machozi, akapandisha pindo la baibui lake kidogo, akaingia naye pembeni mwa bwawa la watoto wadogo ambako maji hayakupita vifundo vya miguu. Walikaa humo muda mrefu, wakirushiana maji kwa viganja. Hapo ndipo tulipoona, kwa dakika chache tu, uso wa yule msichana wa zamani.

Bibi alikuwa ametulia, akitazama maji yakimwagika kutoka juu bila kukoma. Hatimaye aliuliza, "Haya maji hupandishwa na nani?" Kijana wetu, aliyekuwa amekuja kunywa soda, alimweleza habari za pampu: kwamba maji yaliyoshuka huvutwa na kupandishwa tena, yale yale, siku nzima. Bibi alicheka hadi akashika mbavu. "Basi sisi ndio tuliokuwa pampu," alisema.

Ndipo akasimulia. Wasomaji wa kusini wanajua kwamba uwanda wa juu wa Makonde hauna mito; mvua hunyesha vizuri lakini ardhi yake huinywa, na maji huja kutokeza chini kabisa, kwenye miteremko na mabondeni. Vijiji vilikaa juu na maji yalikaa chini. Bibi alikuwa na umri wa miaka tisa, umri ule ule wa binti yetu alipoomba safari, alipopewa mtungi wake wa kwanza. Wanawake na wasichana waliondoka kabla ya jogoo kuwika, wakateremka ukingo ule mkali, wakasubiri zamu kwenye chemchemi, kisha wakapanda na mtungi kichwani juu ya ngata ya majani. Aliyeteleza alivunja mtungi, na aliyevunja mtungi alirudi chini. Maji ya kuoshea vyombo yalikogewa miguu, kisha yakanyweshwa kuku. Miaka ya 1950 mradi wa kupandisha maji kwa mitambo ulipoanza Makonde, watu walikwenda kuyashangaa mabomba kama sisi tulivyoyashangaa ya Kunduchi, ingawa vijiji vingi viliendelea kusubiri.

Watoto wote wanne walikuwa wamemzunguka. Hakuna aliyekumbuka kurudi kuteleza. Binti yetu mkubwa alimuuliza njia ile ilipita wapi, nani alimfundisha kufunga ngata, na alihisi nini siku alipovunja mtungi. Bibi alijibu kila swali. Sisi tuliosikia mafundisho ya kuepuka israfu ya maji tangu madrasa, hata wakati wa udhu, siku ile tuliyasikia kwa sikio jingine.

Wakati wa kurudi tulishuka Nangurukuru, tukaenda Kilwa Masoko, na asubuhi tukavuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani, ambako magofu yake yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981. Tulitaka watoto waone kwamba Uislamu wa pwani yetu si wa jana. Waliingia katika Msikiti Mkuu, ambao ujenzi wake ulianza karne ya 11 na kupanuliwa karne ya 14, wakapita kati ya nguzo na chini ya kuba za mawe ya matumbawe. Tuliwaeleza kwamba msafiri Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye kwa ukarimu wake aliitwa Abul Mawahib, yaani baba wa vipawa.

Kutoka hapo tulikwenda polepole, Bibi akiegemea fimbo na bega la mjukuu wake, hadi Husuni Kubwa, kasri la sultani huyo lililojengwa juu ya mwamba unaotazama bahari. Ndani yake kuna bwawa la kuogelea lenye pembe nane, limekauka, majani yanaota kwenye nyufa. Mwongozaji wetu alieleza kwamba wakubwa wa zama zile walipumzika hapa. Kitinda mimba alishangilia: kumbe hata zamani watu walicheza majini!

Bibi alilitazama lile bwawa kwa muda. Kisha akauliza swali lake lile lile, sasa bila kicheko: "Na haya, nani alikuwa anayachota?"

Mwongozaji alifungua mdomo, akaufunga. Mwishowe akasema, "Watu, Bibi. Watu waliyachota."

"Najua," alisema Bibi. "Nilitaka watoto wasikie."

Tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusuru na kujumuisha, kama ilivyoruhusiwa kwa msafiri, katika msikiti wa kijiji kisiwani. Kijana wetu aliyetarajia kwenda Songea ndiye tuliyempa uimamu. Sauti yake ilitetemeka kidogo alipopiga takbira. Nyuma yake tulipanga safu nzima ya nyumba yetu, wanaume mbele na wanawake nyuma, na hakuna aliyekosekana. Tulijua wakati ule ule kwamba hilo halitatokea tena kwa urahisi, na tulirefusha sijida.

Sasa nyumba ni kubwa kuliko watu waliomo. Binti yetu yupo Mwanza, karibu na ziwa lenye maji tele, na hupiga simu kila Ijumaa. Hajawahi kutaja mabomba ya kutelezea. Humwomba Bibi amsimulie tena njia ya chemchemi, naye anaandika katika daftari, anasema ni kwa ajili ya watoto atakaojaaliwa. Bibi hulalamika kwamba swali ni lile lile, lakini siku ya Ijumaa huketi karibu na simu tangu asubuhi.

Wazazi wenzetu, hatuandiki haya ili kila familia iende Dar es Salaam. Wengi hawana uwezo huo, nasi tulichelewa miaka 12 kuupata. Tena kilichobaki mioyoni mwa watoto wetu hakikununuliwa kwa kiingilio. Bibi alikuwa nacho nyumbani muda wote, sisi ndio hatukumpa nafasi ya kusikilizwa. Tunachoomba ni kimoja: mtoto akikuomba jambo, mpe ukweli. Kama haiwezekani, mwambie hapana, na umweleze kwa nini. Atalia leo na kukuamini kesho. Kama inawezekana, sema inshallah na uanze siku hiyo hiyo kuweka akiba, ili neno lako liwe na nia nyuma yake.

Kitinda mimba wetu ameuliza tena habari za baiskeli. Tulimwambia kwamba mwaka huu fedha zimekwisha kwa safari na harusi ya dada yake, na kwamba tumeanza kuweka kidogo kidogo katika kopo lililo juu ya kabati, hadi mnada ujao, inshallah. Alipanda juu ya kiti, akalitikisa lile kopo, akasikia sarafu. Akashuka akitabasamu, wala hakusema kitu.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wakweli kwa watoto wetu, awarehemu wazee waliotubebea maji, na azikutanishe tena safu za familia zilizotawanyika. Amin.